Mota Tulivu kwa Traiki ya Kulalia: Mambo ya Kupima Kabla ya Kulipa

Kwenye baiskeli ya kawaida, mota ya katikati hukaa chini ya mwendeshaji, na sehemu ya kelele yake humezwa na miguu, nguo na upepo kabla ya kufika juu. Kwenye traiki ya kulalia hakuna kinga hiyo. Mwendeshaji ameegemea kiti kilichoinuka sentimita 20 au 30 tu kutoka kwenye lami, miguu ameinyoosha mbele, na mota imefungwa kwenye ncha ya bomba la mbele, katikati ya pedali, inamtazama usoni. Ndiyo maana mota inayosifiwa kwa utulivu kwenye baiskeli ya mjini inaweza kumkera mwenye traiki siku ya kwanza tu.

Traiki hizi, nyingi zikiwa na magurudumu mawili mbele na moja nyuma, hutoka kwenye viwanda vichache vyenye jina: ICE ya Falmouth, Uingereza, HP Velotechnik ya Kriftel, karibu na Frankfurt, Azub ya Jamhuri ya Cheki, Catrike ya Florida na TerraTrike ya Michigan, Marekani. Miongoni mwa wanunuzi wamo watu ambao baiskeli ya kawaida imewashinda: magoti yanauma, mgongo haukubali kuinama, au mwili umepungukiwa uwiano baada ya kiharusi. Wapo pia wasafiri wa masafa marefu wanaotaka kukaa kitako kutwa nzima. Bei huhesabiwa kwa maelfu ya yuro hata kabla ya umeme kuongezwa, kwa hiyo mota iliyochaguliwa vibaya si hasara ndogo.

Kosa linalorudiwa ni kuuliza ni mota ipi iliyo kimya, kana kwamba utulivu wote umefungiwa ndani ya kasha lake. Sehemu yake imo humo, ni kweli. Lakini mota bora ikilazimishwa kuvuta mlima kwa gia nzito italalamika, na mota ya bei ya wastani ikipewa gia nyepesi na kufungwa sawasawa itapita kando ya kondoo bila hata mmoja kuinua kichwa. Mnunuzi makini huanza na mlima anaoupanda, akaja kwenye gia, na mota ikawa ya tatu.

Kelele inatoka wapi

Ndani ya mota ya katikati, sehemu inayozunguka hufanya maelfu ya mizunguko kwa dakika, ilhali pedali huzunguka mara 60 hadi 90. Kazi ya kupunguza kasi hiyo hufanywa na gia ndogondogo, na kila jino linapokutana na jino jingine hutoa mgongano mdogo. Gia yenye meno 12 inayozunguka mara 3,000 kwa dakika hugonga mara 600 kwa sekunde. Huo tayari ni mlio ambao sikio huusikia waziwazi. Meno yaliyokatwa kwa mshazari hukutana taratibu na hivyo huwa na sauti laini kuliko meno yaliyonyooka. Nailoni nayo huwa laini kuliko chuma. Mfano unaojulikana sana kwa mafundi ni TSDZ2, mota ya Kichina ya kampuni ya Tongsheng. Ndani yake mna gia ya nailoni ya rangi ya buluu, ambayo hulika au kuyeyuka ikikandamizwa kwa muda mrefu. Wanaoibadilisha kwa gia ya shaba au chuma hupata kifaa kinachodumu zaidi, na papo hapo hupata mlio mkali ambao haukuwepo.

Chanzo cha pili ni umeme wenyewe. Kidhibiti kinachopeleka mkondo kwa mikupuo ya ghafla huifanya mota itetemeke na kuvuma, hasa wakati wa kuondoka. Kile kinachopandisha na kushusha mkondo kwa mawimbi laini huondoa sehemu kubwa ya mvumo huo. Anayenunua mota ya kufunga mwenyewe aulize kidhibiti chake ni cha aina gani, maana wauzaji wengi hutaja wati na kunyamaza kuhusu hilo.

Cha tatu ni bomba la mbele. Ni alumini, ni refu, ndani ni tupu, na mota imening'inizwa kwenye ncha yake. Mtetemo mdogo ukiingia humo, bomba huukuza kama kibuyu kinavyokuza sauti ya zeze. Mota ileile ikifungwa kwenye traiki mbili tofauti inaweza kutoa sauti mbili tofauti kabisa.

Cha nne husahaulika: cheni. Ya baiskeli ya kawaida haifiki mita moja na nusu. Ya traiki hukaribia mita nne, inapita juu au chini ya roda zinazoielekeza chini ya kiti, na kwa sehemu ndefu inateleza ndani ya mirija ya plastiki. Mota ya katikati huvuta kupitia cheni hiyohiyo, kwa hiyo roda iliyokuwa ikinong'ona kwa nguvu za miguu peke yake huanza kunguruma mota inapoongeza zake. Wapo waliobadilisha mota kwa gharama kubwa, kumbe mkosaji alikuwa beringi ya roda.

Kutofautisha vyanzo hivi hakuhitaji karakana. Gurudumu la nyuma liinuliwe na pedali zizungushwe kwa mkono: kinachosikika hapo ni cheni, roda na mirija. Kisha traiki iendeshwe mota ikiwa imezimwa, kwenye mlima mdogo, kwa gia fulani. Halafu mlima uleule, gia ileile, kasi ileile, mota ikiwa imewashwa. Programu ya simu ya kupima desibeli haitoi kipimo cha maabara, lakini ikiwekwa mahali palepale kila mara, tofauti inayoonyesha kati ya safari moja na nyingine inaweza kuaminika kiasi cha kumsaidia mtu kuamua.

Hesabu ya mlima

Traiki ina sifa moja inayobadilisha hesabu yote: haianguki. Mwenye baiskeli ya magurudumu mawili akishuka chini ya kilomita sita kwa saa huanza kuyumba, kwa hiyo hulazimika kukaza mwendo au kushuka. Mwenye traiki anaweza kupanda kwa mwendo wa mtembea kwa miguu, akapumzika katikati ya mlima, akaondoka tena. Anayejua hilo hahitaji mota kubwa.

Ichukuliwe mfano wa mwendeshaji wa kilo 85, traiki ya kilo 20, mota na betri kilo 8, na mizigo kilo 7: jumla kilo 120. Mlima unapanda mita 10 kwa kila mita 100. Kwa kilomita 6 kwa saa, kazi inayotakiwa gurudumuni ni karibu wati 210, ukijumlisha na msuguano wa matairi. Mtu asiye mwanamichezo akitoa wati 80, mota inabakiwa na 130. Mota ya wati 250 inatosha na chenji inabaki. Anayetaka kupanda mlima huohuo kwa kilomita 12 kwa saa ndiye atakayehitaji zaidi ya wati 400 gurudumuni, na ndiye atakayesikia kelele zaidi.

Sasa gia. Traiki nyingi huja na sproketi tatu za mbele, tuseme za meno 30, 39 na 52, na za nyuma kuanzia 11 hadi 34. Gia ndefu kabisa hapo inazidi ile fupi kabisa mara tano na zaidi. Mota ya katikati ikifungwa, sproketi tatu za mbele huondoka na kubaki moja. BBS02, mota ya kampuni ya Bafang, kwa mfano, mara nyingi huja na sproketi ya meno 46. Ikibaki na 34 nyuma, kwenye gurudumu la inchi 26, kila mzunguko wa pedali unaisogeza traiki karibu mita 2.8. Kilomita 6 kwa saa ni mita 100 kwa dakika, kwa hiyo miguu itazunguka mara 36 tu kwa dakika. Huko ni kukokota, si kunyonga pedali. Mota inazunguka polepole, inavuta mkondo mwingi, inapata joto na kuguna.

Mbele ikiwekwa sproketi ya meno 36 na nyuma seti inayofika 46, mzunguko mmoja unakuwa mita 1.6, na miguu inazunguka mara 62. Mlima ni uleule na wati ni zilezile, lakini nguvu ya kuzungusha inayotakiwa kutoka kwenye mota imeshuka kutoka karibu Nm 34 hadi 20. Kwa kuwa joto la nyaya huongezeka kwa kipeo cha pili cha mkondo, mota inapata takriban theluthi moja tu ya joto lililokuwepo. Mabadiliko hayo ya gia hugharimu sehemu ndogo ya bei ya mota mpya.

Angalizo kwa wenye BBS02: sproketi ndogo sana ya mbele haiwezi kulikumbatia kasha la gia za mota, hivyo husogea nje na kuipeleka cheni pembeni. Kwenye baiskeli fupi hilo ni tatizo kubwa. Kwenye traiki, urefu wa cheni hupunguza mkunjo huo, ingawa roda ya kwanza inapaswa kukaguliwa isije ikasuguliwa ubavuni.

Mota za kufunga na mota za kiwandani

Soko limegawanyika mara mbili. Kundi la kwanza ni mota zinazoingia kwenye tundu la ekseli ya pedali lenye upana wa kawaida wa milimita 68 hadi 73, ambalo traiki nyingi zinalo. Hapo ndipo walipo Bafang na Tongsheng. BBS01 inapatikana kwa wati 250 na inafaa pale sheria inapokuwa kali. BBS02 hufika wati 750, na BBSHD wati 1,000. Zote tatu hutambua mzunguko wa pedali bila kupima nguvu ya mguu. Kwa mwenye magoti mabovu hiyo ni neema, kwa sababu anazungusha tu na mota inafanya kazi. Upande wa pili, msukumo huja kwa ghafla kidogo, na mshtuko huo husikika kwenye cheni yote. TSDZ2 hupima mkanyago wa mguu, hivyo huingia kwa upole, ila mwenye mguu dhaifu anaweza kujikuta hapewi msaada anaouhitaji.

Katika kundi hilohilo, Pendix ya mji wa Zwickau, Ujerumani, ilichukua njia tofauti. Mota yake haina gia ndani; inaizungusha ekseli moja kwa moja. Meno hayapo, kwa hiyo mlio wa meno haupo, na kwa anayetafuta utulivu kabla ya yote hiyo ndiyo sauti ya chini kabisa anayoweza kuipata kwenye ekseli ya pedali. Bei yake ni kubwa, na nguvu yake haifikii ya mota kubwa zenye gia. Inamfaa mtu mwenye gia nyepesi nyuma kuliko mtu anayetaka kuvutwa.

Kundi la pili ni mota za kiwandani: Shimano, Bosch, Brose, TQ. Hizi hudai fremu au bomba lililotengenezwa kwa ajili yake, kwa hiyo mtu hainunui mota bali hununua traiki nzima. ICE na HP Velotechnik wamewahi kuuza traiki zenye Shimano Steps. E6100 ya Shimano, yenye Nm 60, inajulikana kwa sauti ya chini. EP8 iliyotoka mwaka 2020 ina Nm 85 na nguvu zaidi, lakini ilipata sifa mbaya ya kugongagonga mwendeshaji anapoacha kunyonga na kupita kwenye barabara mbovu. Bosch Performance Line CX ya kizazi cha nne ilikuwa na tabia hiyohiyo, na kizazi cha tano kilichotangazwa mwaka 2024 kiliipunguza sana. Brose hutumia mkanda ndani badala ya gia peke yake, na ndiyo siri ya upole wake. TQ ya Bavaria, kwa muundo wa HPR50, ilifikia uzito wa kilo 1.85 na utulivu mkubwa, ikiwa na Nm 50.

Suala la kugongagonga lisipuuzwe na mwenye traiki. Baiskeli hupita kwenye mstari mmoja na inaweza kukwepa shimo. Traiki ina mistari mitatu, na kila shimo linalokwepwa na gurudumu moja humngoja jingine. Mota inayogongagonga kwenye mteremko wa mawe itasikika mara nyingi zaidi hapa kuliko kwenye baiskeli.

Kuna wanaoshauri kuachana na mota ya katikati na kuweka ya gurudumuni isiyo na gia, ambayo kwa kweli haisikiki. Ushauri huo unafaa kwenye nchi tambarare kama Uholanzi. Kwenye milima, mota ya aina hiyo ikizunguka kwa kilomita tano kwa saa hugeuza umeme mwingi kuwa joto, kwa sababu haina gia ya kuisaidia.

Gia za nyuma nazo zina sauti

Baada ya mota kunyamaza, sikio huanza kuzisikia gia za nyuma. Rohloff Speedhub ya Ujerumani ina gia 14, na ndefu inazidi fupi mara 5.26, jambo linalofidia kabisa sproketi za mbele zilizopotea. Lakini gia zake saba za chini huvuma, na ya saba ndiyo maarufu kwa hilo. Fundi mwenye busara huchagua sproketi ili kasi ya kila siku ya mteja isiangukie kwenye gia ya saba. Habu ya Enviolo haina hatua za gia na iko kimya sana, ila upana wake wa mara 3.8 unaweza kuwa mdogo kwa mtu wa milimani. Seti ya kawaida ya sproketi, ikiwa safi na imepakwa mafuta, bado ni chaguo zuri. Kinachohitajika ni sensa ya kukata nguvu ya mota wakati wa kubadilisha gia, vinginevyo kila badiliko litakuwa kishindo.

Kujaribu kabla ya kulipa

Maonyesho ya SPEZI nchini Ujerumani, yaliyofanyika Germersheim kwa miaka mingi kabla ya kuhamia Lauchringen, ni mahali ambapo mtu anaweza kupanda traiki kadhaa kwa siku moja. Uwanja wa maonyesho, hata hivyo, huwa na watu wengi na ardhi tambarare, mazingira yanayoficha kelele. Jaribio la maana hufanyika mahali pa utulivu, penye mlima, na mwendeshaji akiwa na mzigo anaoubeba siku zote.

Afanye mambo manne. Aondoke kutoka kusimama kwenye mlima kwa gia fupi kabisa. Apande kwa kunyonga mara 60 kwa dakika, kisha kwa 80, asikilize ni wapi mlio unageuka kuwa mwembamba. Ateremke bila kunyonga kwenye njia ya mawe. Mwisho azime mota na kunyonga kilomita moja tambarare, kwa sababu mota nyingine huacha uzito kwenye pedali zikizimwa, na betri ikiisha njiani uzito huo ndio atakaobaki nao.

Miguu nayo ichunguzwe. Kwenye baadhi ya traiki kasha la mota huwa karibu na kisigino, na kwenye nyingine huwa karibu na lami. Mwenye viatu vikubwa ajaribu akiwa amevivaa.

Sheria, vipuri na safari za ndege

Katika Umoja wa Ulaya na Uingereza, mota ya kawaida ya baiskeli inaruhusiwa hadi wati 250, na msaada wake hukatika kwa kilomita 25 kwa saa, ambazo Waingereza huziandika maili 15.5. Zaidi ya hapo chombo huhesabiwa kuwa pikipiki, pamoja na bima na usajili. Sheria ya shirikisho ya Marekani inaruhusu wati 750 na maili 20 kwa saa, na majimbo huongeza yake. BBSHD inayouzwa kwa uhuru Florida inaweza kumpotezea bima mtu wa Hamburg akigonga mtu.

Vipuri ni suala la pili. BionX ya Kanada ilitengeneza mota za gurudumuni zilizopendwa na wenye traiki kwa ukimya wake. Mwaka 2018 kampuni ilianguka. Betri zake zilikuwa zinazungumza na mota kwa lugha ya siri ya kampuni, kwa hiyo wenye mota nzima walibaki bila betri ya kuziendesha. Anayenunua leo aulize kama betri ya mtengenezaji mwingine itakubali, na kama gia na beringi zinauzwa pekee au mota nzima hutupwa.

Kwa Waswahili walioko Ulaya wanaofikiria kurudi nyumbani na traiki, betri ndiyo kikwazo. Mashirika ya ndege hukubali betri za lithiamu hadi Wh 100 bila shida, na kati ya 100 na 160 kwa idhini. Zaidi ya hapo hairuhusiwi kwenye mzigo wa abiria, na betri ya kawaida ya traiki ni ya Wh 500. Itasafirishwa na wakala wa mizigo hatari kwa meli au ndege ya mizigo, au itanunuliwa huko huko, na hapo mota inayokubali betri yoyote ya volti 36 au 48 ina thamani kubwa kuliko ile yenye lugha yake ya siri.

Mota ikishafungwa

Bomba la mbele hurefushwa na kufupishwa kulingana na miguu, kisha hubanwa kwa bolti. Mota ikivuta, hulisokota. Fundi mzoefu huchora mstari mmoja wa rangi unaopita kwenye bomba na kwenye kishikio chake. Mstari ukikatika na kuachana, bomba limezunguka. Bolti hukazwa kwa spana yenye kipimo, kwa kiwango alichoandika mtengenezaji wa traiki.

Nati zinazoishika mota kwenye tundu la ekseli hulegea katika siku za mwanzo, na dalili yake ni mlio wa tik unaorudi kila mzunguko wa pedali. Zikazwe tena baada ya safari chache za kwanza, na kipande cha mpira kiwekwe pale kasha la mota linapogusa bomba. Roda zioshwe na beringi zijaribiwe kwa kidole; itakayokwaruza ibadilishwe. Ncha za mirija ya cheni zipanuliwe kidogo kwa joto ili cheni isizigonge ikiingia. Haya yakifanyika na mlio mwembamba ukabaki palepale kwa gia zote, hapo ndipo mota inapofunguliwa na kupakwa grisi inayofaa nailoni, na kazi hiyo aachiwe muuzaji kama dhamana bado inaendelea.